Kazi ya Kikundi Katika Ngoma za Bali: Wanafunzi Hutungaje Onyesho Moja?

Kila muhula wanafunzi wetu wa fasihi simulizi hupewa kazi ya kikundi, na kila muhula malalamiko huwa ni yale yale. Mmoja ameandika, watatu wametia majina, na wa tano ameonekana siku ya kuwasilisha tu, tena amevaa vizuri kuliko wote. Katika mikutano ya idara suala hili limezua mjadala mrefu: je, alama ya kikundi iwe moja kwa wote au kila mwanafunzi apimwe peke yake? Hatukusudii kuumaliza mjadala huo hapa. Tunakusudia kuwaeleza wasomaji wetu namna kazi ya kikundi inavyofanyika katika sanaa ambayo haiwezekani kabisa kufanywa na mtu mmoja, nayo ni ngoma na muziki wa kisiwa cha Bali. Sanaa hii imefundishwa kwa vitendo katika vyuo vikuu vya nchi za mbali kwa zaidi ya miaka sitini sasa. Isitoshe, jinsi msomaji atakavyoona, inakaribiana na amadinda ya hapa Buganda kuliko mtu anavyoweza kudhani.

Bali ni kisiwa cha Indonesia kilichoko mashariki ya Java. Wakazi wake wanazidi milioni nne, na wengi wao ni Wahindu katika nchi ambayo wananchi wake wengi ni Waislamu. Kundi la ala za muziki wa huko huitwa gamelani. Gamelani si ala moja bali ni seti nzima iliyofuliwa na kulinganishwa sauti kwa pamoja, kwa hiyo huwezi kuazima kibao kutoka seti ya kijiji jirani ukakitia katika seti yako. Hakitapatana na wenzake. Ala nyingi ni za shaba nyeusi, yaani mchanganyiko wa shaba na bati. Mwalimu wa Kiswahili hana haja ya kuhangaika sana kutafuta majina yake. Zile sahani kubwa za shaba zenye kinundu katikati ni jamaa ya upatu wa pwani, ingawa za Bali hutundikwa na kupigwa kwa rungu lililofungwa kitambaa. Matoazi ni matoazi. Filimbi ni filimbi. Vibao vya shaba vilivyotundikwa juu ya mianzi ni aina ya marimba. Kuna ala moja tu inayotusumbua, nayo ni ile kiongozi wa vibao, ambayo Wabali huiita ugal. Tukiiongezea irabu mwishoni kama sheria za lugha yetu zinavyotaka, kiongozi wa muziki atageuka chakula cha mchana. Basi tuliache jina hilo lilivyo.

Neno ambalo Kiswahili kinalo tayari, na ambalo lugha nyingi za Ulaya hazina, ni ngoma lenyewe. Tunaposema "ngoma" tunataja ala, uchezaji, wimbo na hafla nzima kwa wakati mmoja. Huko Bali pia mchezaji na mpigaji hawatenganishwi kirahisi. Mchezaji hapewi muziki ulio tayari akacheza juu yake. Mara nyingi ndiye anayeuambia muziki usimame wapi na uondoke wapi. Tutalirudia jambo hili.

Mtindo unaofundishwa zaidi katika vyuo unaitwa gong kebyar. Historia yake inafaa kuelezwa, kwa maana inahusu swali la nani ni mwenye sanaa. Zamani seti kubwa za gamelani zilikuwa mali ya majumba ya wafalme. Mwaka 1906 jeshi la Waholanzi liliivamia Badung, na mwaka 1908 likaivamia Klungkung. Wafalme na watu wao walitoka kukabili bunduki wakafa kwa mamia. Baada ya hapo majumba yaliyosalia hayakuwa tena na uwezo wa kutunza wapigaji. Ala nyingi ziliangukia mikononi mwa vijiji, kwa kuuzwa, kuwekwa rehani au kutolewa. Katika miaka ya 1910, kaskazini mwa kisiwa, vijiji vikaanza kushindana kwa mtindo mpya wa ghafla na wa kasi, wenye kulipuka kama radi na kunyamaza papo hapo. Mtindo huo ndio kebyar. Ulienea upesi mno, hata baadhi ya seti za zamani zikayeyushwa ili shaba yake ifuliwe upya kwa ajili ya kebyar. Kwa maoni yetu hiyo ilikuwa hasara, lakini walioyeyusha walikuwa wenyewe na walijua wanachokitaka.

Msomaji wa hapa kwetu hawezi kusoma habari hizo bila kuukumbuka mwezi wa Mei 1966, jeshi lilipoishambulia ikulu ya Kabaka hapo Mengo na wapigaji wa ikulu wakatawanyika. Entenga, zile ngoma zilizolinganishwa sauti, ziliponea chupuchupu kusahauliwa. Tofauti ni kwamba kule Bali ala zilipotoka ikulu ziliikuta taasisi ya kijijini inayoweza kuzipokea. Taasisi hiyo ndiyo kiini cha makala haya.

Inaitwa sekaa. Sekaa ni chama cha watu walioungana kwa kazi moja maalumu: kuna sekaa ya kuvuna, sekaa ya kuimba mashairi, sekaa ya gamelani. Mtu aliyezoea ujima au bulungi bwansi ya Buganda ataielewa mara moja. Wanachama wa sekaa ya gamelani kwa desturi ni sawa wao kwa wao wawapo mazoezini, hata kama nje ya hapo mmoja ni wa ukoo mkubwa na mwingine ni mkulima wa kawaida. Mambo huamuliwa kwa kukubaliana. Kuna kanuni, na anayechelewa au kukosa mazoezi bila sababu hutozwa faini. Fedha zinazopatikana kwa maonyesho huingia kwanza katika mfuko wa chama na si katika mfuko wa mtu. Wanapopiga hekaluni hawalipwi, maana kazi hiyo ni utumishi.

Sasa tuingie ndani ya muziki wenyewe, maana hapo ndipo kanuni za chama zinapopata sababu.

Seti ya gong kebyar huhitaji wapigaji kati ya 25 na 30. Pata kubwa hufunga mizunguko ya wimbo. Kila mzunguko unapokwisha, upatu mkubwa hulia, na wote hujua wamefika nyumbani. Ala za kati hupiga sauti za msingi polepole. Vibao vidogo, ambavyo kila kimoja kina sauti kumi, hujaza juu yake mapambo ya kasi. Upande mwingine kuna safu ya vyungu 12 vya shaba vilivyopangwa mstarini, na watu wanne hukaa wakaipiga kwa pamoja, kila mmoja na eneo lake. Ngoma ni mbili, moja huitwa ya kike na nyingine ya kiume. Mpigaji wa ngoma ya kike kwa kawaida ndiye kiongozi wa kundi zima, ingawa mgeni asiyejua atadhani kiongozi ni yule wa vibao aliyekaa mbele.

Jambo la kwanza la kustaajabisha ni kwamba ala nyingi ni pacha. Pacha mmoja hulinganishwa juu kidogo ya mwenziwe, kwa makusudi. Wanapopigwa pamoja, tofauti hiyo ndogo huzaa mtetemo, sauti ikawa kama inapumua mara kadhaa kila sekunde. Wabali huuita mtetemo huo kwa neno lenye maana ya wimbi. Ala moja ikipigwa peke yake, hata iwe nzuri namna gani, wao husema haina uhai. Kwa hiyo mwanafunzi hujifunza tangu siku ya kwanza kwamba sauti yake, iliyo sahihi kabisa, haijakamilika.

Jambo la pili ni kotekani. Mstari mmoja wa kasi hugawanywa kwa watu wawili. Sehemu ya kwanza huitwa polos, na mara nyingi hufuata pigo. Sehemu ya pili, sangsih, huingia katika nafasi zilizoachwa na ya kwanza. Kila mpigaji hugonga kwa mkono wa kulia na kubana kibao alichokigonga kwa mkono wa kushoto, ili sauti yake ikatike kabla ya sauti ya mwenzake kuingia. Wakipatana, msikilizaji husikia mstari mmoja usiokatika, wa kasi ambayo mtu mmoja hawezi kuifikia. Wakikosana hata kwa nusu ya pigo, husikia vyombo vinavyoanguka jikoni.

Wasomaji wetu waliowahi kukaa mbele ya amadinda wanatabasamu hapa. Mbao 12 zimelazwa juu ya magogo mawili ya mgomba. Mpigaji wa kwanza huanzisha sehemu yake, okunaga. Wa pili anayemkabili huingia katikati ya mapigo yake, okwawula. Na wa tatu, aliye kwenye mbao mbili za juu, hugonga kile anachokisikia kikitokea katika mbao mbili za chini. Hatudai kwamba Buganda na Bali ziliazimana. Hatuna haja ya dai hilo. Inatosha kwamba watu wa sehemu mbili za dunia waligundua kwamba mikono minne ikigawana mstari mmoja hutoa kitu ambacho si cha mkono wowote kati ya hiyo minne. Uhusiano wa kweli upo, lakini ni wa watu wa chuo: Klaus Wachsmann, aliyekuwa mtunzaji wa Jumba la Makumbusho la Uganda tangu 1948 hadi 1957, alikwenda baadaye kufundisha Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, mwaka 1963. Huko alikuta wanafunzi wameketi sakafuni wakipiga gamelani.

Aliyewaketisha sakafuni ni Mantle Hood. Alianza kufundisha chuoni hapo mwaka 1954, na msimamo wake ulikuwa kwamba anayesomea muziki wa watu wengine hana budi kuupiga. Katika makala yake ya mwaka 1960 alitaka mwanafunzi awe na umilisi wa jadi mbili za muziki, kama mtu aliye na umilisi wa lugha mbili. Sisi walimu wa lugha tumekuwa tukilisema jambo hilo hilo kwa njia yetu: huwezi kumwita mtu mjuzi wa Kiswahili kwa kuwa anaweza kutaja ngeli zote ilhali hawezi kununua ndizi sokoni. Tangu hapo vikundi vilienea. Mwaka 1979 kilianzishwa Gamelan Sekar Jaya katika eneo la Berkeley, California, na mwaka 1985 kikafika Bali kutumbuiza mbele ya wenyewe. Mwaka 1993 Evan Ziporyn alianzisha Gamelan Galak Tika katika chuo cha teknolojia cha MIT, ambako wanafunzi wa uhandisi na wa fizikia huketi pamoja na wafanyakazi na majirani wa chuo. Maana ya jina hilo ni umoja wa dhati.

Je, kikundi cha namna hiyo hufanyaje mpaka kikafika jukwaani?

Kwanza, viatu huvuliwa mlangoni, na hakuna anayeruka juu ya ala. Ukitaka kupita, zunguka. Wanafunzi wengi huona hili kuwa ni adabu ya kigeni, lakini baada ya wiki mbili huona kwamba limewafundisha kutazama waendako, na hilo peke yake ni faida.

Pili, hakuna karatasi. Mwalimu huketi upande wa pili wa ala, akimkabili mwanafunzi, akapiga wimbo kinyumenyume kwa upande wake ili mwanafunzi aone vibao vinavyogongwa. Mwanafunzi hufuata rungu la mwalimu kwa macho na sikio, kipande kwa kipande, mara ishirini, mara thelathini. Aliyeshika mapema humfundisha jirani yake. Hapa ndipo mwanafunzi hodari anapopatwa na mshangao: kushika mapema hakumletei sifa, kwa kuwa polos yake haina maana mpaka yule mvivu wa pembeni aijue sangsih. Kwa hiyo humgeukia na kumsaidia. Hakuna aliyemwamuru. Kama hakumsaidia, watabaki wote pale pale.

Tatu, kila mtu hubadilishwa ala. Aliyekuwa kwenye vibao vya kasi wiki hii ataketi kwenye upatu wiki ijayo, agonge mara moja katika mapigo mengi. Wanafunzi huudharau upatu mwanzoni, kisha huuogopa, maana kosa la kibao hufichika lakini kosa la upatu husikika hadi nje ya geti.

Wachezaji nao huanza peke yao. Msimamo wa msingi huwachosha vijana wenye nguvu ndani ya dakika tano: magoti yamekunjwa, mgongo umepinda kidogo, viwiko vimeinuliwa karibu na usawa wa mabega, vidole vinatetema. Macho hufundishwa kama kiungo kingine. Kuna mrusho wa jicho kwenda pembeni, seledeti, unaoendana na pigo fulani. Mwalimu husimama nyuma ya mwanafunzi, akamshika mikono na kumsukuma goti, akimimina mwendo mwilini mwake kana kwamba anamvalisha nguo. Wakati huo huo huimba kwa mdomo milio ya ngoma na pata, kwa sababu wapigaji bado wako chumba kingine na makosa yao.

Siku ya kuunganisha pande mbili ndiyo siku ngumu. Hapa linaingia lile jambo tuliloahidi kulirudia. Katika michezo kama Baris, mchezo wa askari, muziki huzunguka katika mapigo manane bila kikomo. Mchezaji ndiye anayeamua lini ukatike. Hutoa ishara kwa mwili, bega likiinuka au mguu ukipiga chini. Mpigaji wa ngoma aliyemkazia macho huisoma ishara hiyo, huipeleka kwa wengine kwa mapigo maalumu, na kundi zima hulipuka kisha hukatika pamoja na mchezaji. Mkato huo huitwa angseli. Ishara husafiri kutoka begani hadi kwa watu 25 katika muda mfupi kuliko tunaoutumia kuieleza. Kwa hiyo mchezaji hana budi kuujua muziki, na mpigaji hana budi kuujua mchezo. Mchezaji aliyehifadhi hatua zake peke yake nyumbani atatoa ishara mahali ambapo muziki hauwezi kukatika. Mpigaji anayetazama mikono yake mwenyewe hataiona ishara iliyotolewa vizuri.

Huko Bali kwenyewe wanafunzi pia hufanya kazi hii, na kwao huwa ni zaidi ya kujifunza. Katika chuo cha sanaa kilichoanzishwa Denpasar mwaka 1967 na kupandishwa hadhi mwaka 2003, mwanafunzi wa uchezaji anayetaka kuhitimu kwa utungo wake mpya humwendea mtunzi wa muziki, na wote wawili huhitaji wapigaji. Kundi hilo husaidia bure au kwa chakula, wakijua kesho zamu itakuwa yao. Mitungo mipya si uasi. Mchezo wa kuketi alioutunga I Ketut Marya, maarufu kwa jina la Mario, mwaka 1925 ulikuwa mpya kabisa siku ile. Leo unafundishwa kama jadi.

Tumeulizwa na wenzetu wawili watatu: je, wanafunzi wetu, Wakristo na Waislamu, waingizwe katika mambo ya hekalu? Swali ni la haki, na Wabali wenyewe walikwisha kulijadili. Mwaka 1971 wataalamu na viongozi wa dini walikutana wakagawa michezo katika mafungu matatu: ya ibada, ile inayoambatana na ibada, na ya burudani. Mgawanyo huo ndio ulioongoza orodha ya michezo tisa ya Bali iliyoingizwa na UNESCO katika urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2015. Wageni na wanafunzi hupewa fungu la tatu. Mtu akitaka lile la kwanza kwa ajili ya picha, atakataliwa, na ni vizuri akataliwe.

Idara yetu haina gamelani, na bei ya seti moja pamoja na usafiri wake hatuthubutu hata kuitaja mbele ya mhasibu. Lakini upo mtindo usiohitaji ala yoyote, nao ni Kecak. Ulitungwa katika miaka ya 1930 kutokana na kiitikio cha zamani cha ibada, kwa ushirikiano wa wachezaji wa Bali, akiwemo Wayan Limbak, na mchoraji Mjerumani Walter Spies, na ukasimulia kisa cha Ramayana. Watu hamsini, mia au zaidi huketi katika duara nyingi, moja ndani ya nyingine. Mmoja hutunza pigo kwa mdomo, mwingine huimba mahali pa upatu, na waliobaki hugawana silabi moja, "cak", katika sehemu zinazoingiliana kama kotekani. Ala yote ni koo za watu.

Kuhusu lile suala la alama, tuliyoyaona ni haya. Katika kotekani hakuna haja ya kumuuliza mtu kama wenzake walifanya kazi. Sehemu ya asiyejua husikika kwa kukosekana kwake, na haiwezi kupigwa na mwingine kwa niaba yake, kwa sababu mikono ya huyo mwingine ina kazi tayari. Kazi zetu nyingi za kikundi hazina umbo hilo. Ni insha ya mtu mmoja iliyokatwa vipande vitano, na mwenye bidii anaweza kuiandika yote usiku mmoja, kama anavyofanya. Kwa hiyo kabla ya kuuliza alama igawanywe vipi, tumependekeza kwa kamati ya mitaala kwamba sehemu moja ya somo la fasihi simulizi iwe onyesho ambalo kila sauti inaihitaji nyingine: amadinda kwa watakaopata mwalimu, na kwa waliobaki kiitikio cha kuingiliana kwa Kiswahili, kilichotungwa na wanafunzi wenyewe juu ya hadithi waichaguayo. Tunakadiria watu ishirini na wiki nane. Ukumbi wa mihadhara haufai kwa duara, kwa vile viti vyake vimefungwa sakafuni. Mazoezi yatakuwa nje chini ya mwembe, saa kumi na moja jioni, na mvua ikinyesha, kwenye veranda ya maktaba baada ya wasomaji kuondoka.